Linux ikigoma: folda isiyofunguka, Wi-Fi iliyopotea na mashine inayokwama ikiwaka

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, zipo kompyuta nyingi nzima ambazo Windows 11 haizikubali, na wenye nazo wameamua kuziwekea Linux. Ofisi haihami yote kwa mpigo. Huhama mashine moja, ile ya zamani yenye diski kubwa, ikageuzwa ghala la kazi za wateja, huku zile mbili za mbele zikibaki na Windows kwa sababu ya programu ambayo mwenye duka hataki kuiacha. Mwongozo huu ni wa mazingira hayo: steshenari, ofisi ya shule, zahanati, popote palipo na Linux moja na Windows kadhaa kwenye ruta moja.

Amri zote ni za jamii ya Debian, yaani Debian yenyewe, Ubuntu na Linux Mint. Mwenye Fedora ataweka programu kwa `dnf` badala ya `apt`, na kuna jambo lake moja nitalitaja kwenye Samba, programu inayoiwezesha Linux kushea folda na Windows.

## Kabla hujagusa kitu

Muulize anayeitumia mashine: nini kimebadilika? Huenda ni sasisho, umeme uliokatika, meza iliyohamishwa, au diski mpya. Ukijibiwa "hakuna, imeanza tu yenyewe", angalia mwenyewe:

```
less /var/log/apt/history.log
journalctl --list-boots
journalctl -b -p err
journalctl -b -1 -p err
```

Ya kwanza inaonyesha programu zilizowekwa au kusasishwa na tarehe zake. Ya pili inaorodhesha kila mara mashine ilipowaka na kuzimika. Ya tatu inatoa makosa ya tangu mashine iwake leo, na ya nne makosa ya safari iliyotangulia, ambayo ndiyo unayoitaka mashine ikiwa ilizimika ghafla jana.

Mgeni akiiona orodha ya makosa hushtuka, kwa sababu hata mashine nzima hutoa mistari mingi myekundu. Mistari ya `ACPI Error` na `ACPI BIOS Error` karibu kila laptop inayo, na mara nyingi haihusiani na shida yako. Njia ya kuchuja ni kuitazama logi, yaani daftari la matukio ya mashine, moja kwa moja. Fungua terminali, andika:

```
sudo journalctl -f
```

Iache hapo, kisha rudia kile kinachokataa: chomeka flashi, washa Wi-Fi, jaribu kufungua folda. Mistari inayotokea wakati huohuo ndiyo inayohusika. Isome yote kabla hujaenda kutafuta amri za kunakili.

Kila faili la mipangilio utakalolibadilisha, litolee nakala kwanza, kwa mfano `sudo cp -a /etc/fstab /etc/fstab.kabla`. Na ubadilishe kitu kimoja, ujaribu, ndipo uende kwenye kingine. Mtu aliyerundika amri kumi kwa pamoja, hata mashine ikipona hajui kilichoiponya, na mara nyingi ameacha mlango wazi nyuma yake. Amri ninayoikuta sana kwenye mashine zilizokwisha kupita mikononi mwa wengine ni `chmod -R 777`, yaani kumruhusu kila mtu afanye lolote kwenye folda. Utaona hapa chini kwa nini haisaidii.

## Folda ya pamoja haifunguki

Faili likitoka Linux kwenda Windows kwa Samba hupita vituo kadhaa: huduma ya Samba, faili la mipangilio, mtumiaji na nywila yake, ruhusa za folda, kinga ya mtandao, mtandao wenyewe, kisha Windows. Kagua kuanzia ndani kwenda nje. Ukianzia Windows utapoteza muda mwingi, maana Windows hutoa ujumbe uleule, kama `0x80070035`, kwa shida za vituo vitatu tofauti.

Hatua ya 1. Huduma inafanya kazi?

```
systemctl status smbd
testparm -s
```

Ya kwanza ioneshe `active (running)`. Ya pili inalisoma faili `/etc/samba/smb.conf` na kukuambia kama kuna ulichokosea kuandika. Folda ya pamoja ya ofisi ndogo inatosha kuandikwa hivi:

```
[kazi]
   path = /srv/kazi
   valid users = @steshenari
   read only = no
   force group = steshenari
   force create mode = 0660
   force directory mode = 2770
```

Mistari miwili ya mwisho usiiache. Bila hiyo Samba hutengeneza faili ambalo aliyeliweka tu ndiye anaweza kulihariri. Ndiyo ile shida ya "Asha akihifadhi barua, Juma anaifungua lakini hawezi kuirekebisha". Folda yenyewe na watu wake huandaliwa hivi:

```
sudo groupadd steshenari
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chgrp steshenari /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin asha
sudo usermod -aG steshenari asha
sudo smbpasswd -a asha
sudo systemctl restart smbd
```

Ile 2 ya mbele kwenye 2770 inafanya kila kitakachowekwa humo kirithi kundi la `steshenari`, hata kikiwekwa na mtu aliyekaa kwenye Linux yenyewe bila kupitia Samba.

Hatua ya 2. Jaribu ukiwa palepale kwenye Linux.

```
sudo apt install smbclient
smbclient //localhost/kazi -U asha
```

Ukifika kwenye `smb: \>`, andika `put /etc/hostname jaribio.txt`. Ikikubali, Samba yako ni nzima na shida iko nje. Ikikataa, soma neno lililotoka, kwa sababu kila moja lina kituo chake.

`NT_STATUS_CONNECTION_REFUSED`: huduma haijawaka. Rudi hatua ya 1.

`NT_STATUS_LOGON_FAILURE`: jina au nywila. Samba ina daftari lake la nywila, mbali na lile la kuingilia kwenye kompyuta. Mtu anaweza kuingia Linux kila asubuhi bila tatizo na Samba isimjue kabisa. `sudo pdbedit -L` inaorodhesha wanaojulikana. Asiyekuwemo aongezwe kwa `smbpasswd -a`.

`NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME`: jina lililo kwenye mabano ya mraba umelikosea, au `path` inaelekeza pasipokuwepo folda.

`NT_STATUS_ACCESS_DENIED`: ametambulika, lakini ruhusa zimemzuia. Hapa ndipo watu hukimbilia 777. Amri ya kutumia ni hii:

```
namei -l /home/juma/Kazi
```

Na jibu lake huwa namna hii:

```
drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-x--- juma juma juma
drwxrwxrwx juma juma Kazi
```

Angalia mstari wa tatu. Folda `Kazi` imefunguliwa kwa dunia nzima, lakini iko ndani ya `/home/juma`, na hiyo haimruhusu mtu mwingine hata kupita. Tangu Ubuntu 21.04, nyumba ya kila mtumiaji mpya hutengenezwa ikiwa imefungwa hivyo. Kwa hiyo mafunzo ya zamani yanayokuambia ushee folda iliyo kwenye Desktop yako yalikuwa sahihi wakati wake, sasa hayafanyi kazi. Weka kazi za ofisi kwenye `/srv` na nyumba za watu zibaki zimefungwa. Kuhakikisha kuwa Asha anafika, ifanye Linux ijaribu kwa jina lake yeye mwenyewe: `sudo -u asha ls /srv/kazi`.

Kwenye Fedora kuna mlinzi wa ziada, SELinux, ambaye hukataa hata ruhusa zikiwa sawa. Dawa yake si kumzima:

```
sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/kazi(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /srv/kazi
sudo firewall-cmd --permanent --add-service=samba
sudo firewall-cmd --reload
```

Hatua ya 3. Mtandao. Pata anwani ya Linux kwa `ip -4 a`, tuseme ni 192.168.1.20. Nenda kwenye Windows, fungua PowerShell:

```
Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445
```

`TcpTestSucceeded : True` ina maana njia iko wazi. Ikiwa `False` lakini ping (`ping 192.168.1.20`, amri ya kujaribu kama mashine inafikika) inafika, kinga ya Linux ndiyo inayozuia. Ifungulie mtandao wa ndani peke yake:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba
```

Ikiwa hata ping haifiki, angalia kama mashine mbili ziko kwenye mtandao mmoja kweli. Ruta nyingi zina Wi-Fi ya wageni ambayo hairuhusu vifaa kuonana, na mara nyingi mtu ameunganisha laptop huko kwa sababu nywila yake ndiyo anayoikumbuka. Pia ingia kwenye ukurasa wa ruta uifungie Linux anwani yake isibadilike. Folda iliyofanya kazi wiki nzima ikakataa Jumatatu asubuhi, mara nyingi ni ruta iliyozimika mwisho wa wiki na kugawa anwani upya.

Hatua ya 4. Windows. Andika `\\192.168.1.20\kazi` kwenye kisanduku cha anwani cha File Explorer. Ukiletewa kosa namba 1219, au ikikataa nywila unayojua ni sahihi, Windows imeshikilia jina la zamani. Fungua Command Prompt:

```
net use
net use * /delete
```

Kisha ingia Credential Manager ufute kilichohifadhiwa kuhusu anwani hiyo. Amri ya pili hukata folda zote za mtandao zilizounganishwa, kwa hiyo waombe watu wahifadhi kazi zao kwanza.

Ujumbe unaosema sera za usalama za shirika lako zinazuia wageni wasio na nywila huwashangaza watu ambao hawana shirika lolote. Unatokea kwa sababu folda imewekewa `guest ok = yes` na Windows mpya hazipendi hilo; Windows 11 Pro toleo la 24H2 hukataa kabisa. Usihangaike kuilegeza Windows. Mpe kila mtu jina na nywila kama tulivyofanya hapo juu, hapo hapo na wewe utajua nani aliingia lini.

Utakutana pia na ushauri wa kuandika `server min protocol = NT1` ili kurudisha SMB1, toleo la zamani la itifaki ya kushea faili. Kataa. Windows 10 iliacha kuja na SMB1 ikiwa imewashwa mwishoni mwa 2017, miezi michache baada ya kirusi cha WannaCry kupita duniani mwezi Mei kwa kutumia tundu la itifaki hiyohiyo, na Samba ikafuata kwenye toleo 4.11 mwaka 2019. Kinachowarudisha watu huko ni fotokopi ya zamani inayoskani moja kwa moja kwenye folda na haijui lugha nyingine. Ikiwa una mashine kama hiyo, iambie iskani kwenye flashi au itume kwa FTP.

Kutokuonekana kwa kompyuta ya Linux chini ya Network si kosa la Samba. Orodha ile ya zamani ilitegemea SMB1. Programu `wsdd` inairudisha, lakini mimi huona ni kazi ya bure: iunganishe folda iwe herufi K: kwa Map network drive, weka alama ya kujiunganisha tena mtu anapoingia, na hakuna atakayeitafuta tena.

## Diski ya nje inasomeka ila haiandikiki

Diski imetoka kwenye Windows, imechomekwa Linux, faili zinaonekana, lakini ukinakili kitu unaambiwa `Read-only file system`. Au haifunguki kabisa, na logi inasema Windows imelala usingizi wa kati.

Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows haizimi kikamilifu. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka kesho. Linux ikiikuta NTFS, yaani mpangilio wa diski wa Windows, katika hali hiyo inakataa kuiandikia, na inafanya vizuri, maana ingeandika ingeharibu faili. Irudishe diski kwenye Windows, fungua Command Prompt kama Administrator:

```
powercfg /h off
shutdown /s /t 0
```

Ya kwanza inaondoa tabia hiyo moja kwa moja. Ikiwa diski ilichomolewa tu bila kutolewa salama, endesha `chkdsk E: /f` hukohuko Windows, ukiweka herufi ya diski yako. Kwenye Linux kuna `ntfsfix`, na jina lake linadanganya: inarekebisha vitu vichache vya juujuu na kuiwekea diski alama ya kukaguliwa itakaporudi Windows, haifanyi kazi ya `chkdsk`. Itumie pale tu ambapo hakuna Windows karibu.

Shida ya pili ya diski hizi inatokea ukizishea kwa Samba. Diski iliyojifungua yenyewe ukiwa umeingia kama juma hukaa chini ya `/media/juma`, na folda hiyo inamruhusu juma peke yake. Asha atakataliwa hata ufanye nini, na `chmod` ndani ya NTFS kwa kawaida haibadilishi chochote. Ipe diski makao ya kudumu kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka. Tafuta utambulisho wake na namba ya kundi:

```
sudo blkid
getent group steshenari
sudo mkdir -p /srv/nje
```

Halafu mstari mmoja:

```
UUID=64A0F3A1A0F37876 /srv/nje ntfs-3g gid=1002,umask=0007,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 0
```

UUID na gid weka za kwako. Usitumie `/dev/sdb1`, jina hilo hubadilika kulingana na kilichochomekwa kwanza. Kisha jaribu kabla ya kuzima mashine:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
```

Amri hizi tatu zikipita bila kosa, uko salama. Usipozijaribu, sehemu inayofuata inaweza kukuhusu.

## Mashine inakwama ikiwaka

Kioo cheusi, hesabu inapanda hadi dakika moja na nusu, kisha maandishi: `You are in emergency mode`. Mara nyingi ni mstari wa fstab unaoitafuta diski isiyokuwepo. Systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa Linux, inaisubiri kwa sekunde 90, isipoiona inagoma kuendelea. Neno `nofail` tuliloweka hapo juu ndilo linaloizuia isigome.

Ikikuomba nywila ya root au kubonyeza Enter, ingia. Ikisema akaunti ya root imefungwa, washa upya, shikilia Shift au gusa Esc mpaka menyu ya GRUB itokee, chagua Advanced options, kisha mstari wenye recovery mode, halafu root. Ukiwa ndani:

```
journalctl -xb | grep -iE 'timed out|dependency failed'
mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab
```

Weka alama ya `#` mbele ya mstari wenye kosa, hifadhi, andika `reboot`. Hapo ndipo ile nakala `/etc/fstab.kabla` inapolipa.

Ukiona `(initramfs)` na maneno `RUN fsck MANUALLY`, hadithi ni nyingine: umeme ulikatika diski ikiwa inaandikwa. Ujumbe wenyewe unataja sehemu ya diski, kwa mfano `/dev/sda2`. Andika `fsck /dev/sda2` (fsck hukagua na kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski), kubali marekebisho, kisha `exit`. Lakini kama mashine ilikuwa nzito kupita kiasi siku za karibuni au diski inatoa mlio wa kugonga, usiendeshe fsck bado. Soma sehemu ya mwisho kwanza.

Na ikiwa mashine inawaka, unaweka nywila, halafu inakurudisha palepale pa kuweka nywila? Bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa maandishi, andika `df -h`. Diski ikiwa imejaa 100% ndiyo sababu. `sudo apt autoremove` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` zitakupa nafasi ya kupumua. Diski ikiwa na nafasi, tazama `ls -l ~/.Xauthority`, ikiwa ni mali ya root, mtu aliwahi kufungua programu ya dirisha kwa sudo. Lifute kwa `sudo rm ~/.Xauthority`, litajitengeneza upya.

## Wi-Fi haipo kabisa

Umeweka Linux, kila kitu kinafanya kazi, ila hakuna alama ya Wi-Fi, na draiva inapatikana kwenye intaneti ambayo huna. Chomeka simu kwa USB, washa USB tethering, Linux itaitambua kama waya wa mtandao bila kuomba draiva yoyote. Angalia bando lako kwanza, na uahirishe masasisho makubwa. Unachohitaji ni paketi moja au mbili.

```
rfkill list
lspci -nnk | grep -A3 -i network
```

Kwenye `rfkill`, `Soft blocked: yes` inaondolewa kwa `rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` ni swichi ya pembeni mwa laptop au kitufe cha Fn, na hakuna amri itakayoifungua.

Kwenye `lspci` tafuta namba zilizo kwenye mabano ya mraba na mstari wa `Kernel driver in use`. Mstari huo usipokuwepo, draiva haipo. Namba nne za kwanza ni za aliyetengeneza: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14e4 ni Broadcom. Intel na Atheros hazisumbui sana. Zikikosa kitu huwa ni fimweya, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe, na `sudo dmesg | grep -i firmware` itakuonyesha `failed with error -2`, yaani faili halikupatikana. Kwenye Ubuntu na Mint paketi `linux-firmware` huwa nayo. Debian ilianza kuja na fimweya hizi ndani ya diski ya kuwekea kuanzia toleo la 12, mwaka 2023.

Broadcom ndiyo inayotesa. `[14e4:4365]`, yaani BCM43142, imejaa kwenye laptop za bei nafuu za miaka ya 2010, zilezile zinazoingia nchini kama mitumba. Kwenye Ubuntu na Mint:

```
sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source
sudo modprobe wl
```

Ukijibiwa `Key was rejected by service`, Secure Boot, kinga inayokataa draiva zisizosainiwa, imewashwa na moduli (draiva) yako haijasainiwa. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`. Wakati wa kuweka paketi uliombwa utunge nywila. Ukiwasha upya kioo cha bluu hutokea kwa sekunde chache na wengi hubonyeza Continue. Chagua Enroll MOK, weka ile nywila, basi. Kama hukuombwa nywila yoyote, zima Secure Boot kwenye BIOS.

Vile vijidude vya Wi-Fi vya USB vya bei rahisi vina kituko chao: vikichomekwa hujifanya CD yenye draiva za Windows. Ukiona `0bda:1a2b` kwenye `lsusb`, ni Realtek iliyojificha. Amri hii huifanya ijitoe:

```
sudo apt install usb-modeswitch
sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b
```

Andika `lsusb` tena, namba itakuwa imebadilika.

## Saa inaruka masaa matatu

Mashine yenye Windows na Linux kwa pamoja: ukitoka Linux kwenda Windows saa imerudi nyuma masaa matatu, ukirudi Linux imekwenda mbele masaa matatu mpaka intaneti iirekebishe. Linux huandika UTC, saa ya kimataifa, kwenye saa ya ubao, Windows huandika saa ya hapa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya UTC.

```
sudo timedatectl set-local-rtc 1
```

Ukiandika `timedatectl` baada yake utaona onyo refu. Onyo hilo linawahusu zaidi wa nchi zinazobadilisha saa majira ya joto, huku hatubadilishi.

Tarehe ikirudi miaka kadhaa nyuma kila umeme ukikatika, ni betri ya ubao, CR2032. Dalili zake hupotosha: tovuti zinakataa kufunguka zikilalamikia vyeti vya usalama, na `apt update` inasema `Release file is not valid yet`. Watu huweka Linux upya kwa sababu ya betri inayouzwa duka la saa.

## Diski inayokufa

Hii nimeiweka mwisho lakini ukiona dalili zake iruke orodha yote uje hapa: mashine inaganda kwa sekunde kadhaa kisha inaendelea, na `sudo dmesg | grep -i 'I/O error'` inajaa mistari.

```
sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Usitulizwe na neno `PASSED` la juu. Diski nyingi hufa zikiwa na PASSED yao. Shuka kwenye jedwali utazame safu ya mwisho, `RAW_VALUE`, kwa mistari mitatu. Namba 5, `Reallocated_Sector_Ct`, ni sehemu zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa. Namba 197, `Current_Pending_Sector`, ni sehemu zisizosomeka sasa hivi. Namba 199, `UDMA_CRC_Error_Count`, mara nyingi si diski kabisa bali waya wa SATA; badilisha waya, andika namba uliyoiona, uone kama itaendelea kupanda. Sufuri kwenye 5 na 197 ndiyo unayoitaka. Yenye 197 inayoongezeka kila siku, zima mashine sasa.

Usiendeshe fsck juu ya diski hiyo, wala usianze kunakili folda mojamoja kwa kipanya. Washa mashine kwa flashi ya Linux, chomeka diski nyingine kubwa zaidi, hakikisha kwa `lsblk` ipi ni ipi, kisha toa nakala ya diski nzima:

```
sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -n /dev/sda /media/nakala/diski.img /media/nakala/ramani
sudo ddrescue -r3 /dev/sda /media/nakala/diski.img /media/nakala/ramani
```

Mzunguko wa kwanza unachukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pabovu. Wa pili unarudi kuhangaika na pabovu mara tatu. Kazi yoyote ya fsck au kutafuta faili zilizopotea ifanyie kwenye `diski.img`, na uwe na nakala yake ya pili. Umeme ukikatika katikati, andika amri ileile tena. Faili la `ramani` litaiambia ddrescue iendelee pale ilipoishia.